Manzese Yetu: Nyumba za Fungu kwa Fungu



Kamati ya kijitabu iliomba iandikwe habari ya mahali tunapoishi, ili mtu atakayekifungua baada ya miaka mingine kumi asikute picha za sherehe na hesabu za hisa peke yake, bali ajue pia kikundi hiki kilizaliwa katika mji wa namna gani. Ni ombi zuri. Manzese imeandikwa sana na watu wengine, na mara nyingi imeandikwa vibaya. Anayetaka kutoa mfano wa vibaka anataja Manzese. Anayetaka kutoa mfano wa kipindupindu, Manzese tena. Kura zikikaribia ndipo tunapoitwa "wananchi wapendwa wa Manzese". Basi safari hii tuiandike wenyewe.

Jambo kubwa katika historia ya Manzese ni hili: nyumba zake hazikujengwa na benki wala na serikali. Zimejengwa kwa akiba za watu wa kipato kidogo, chumba baada ya chumba, bati baada ya bati, na sehemu isiyo ndogo ya akiba hizo imetoka mikononi mwa akina mama. Lakini ukifunua karatasi za nyumba hizo, majina ya akina mama ni haba. Hiyo ndiyo habari inayofaa kuandikwa katika kijitabu cha kikundi cha akiba.

Mji ulipokuwa haujafika

Dar es Salaam si mji wa kale kama Kilwa au Bagamoyo. Sultani Majid wa Unguja alianza kuijenga katika miaka ya 1860, na Wajerumani wakahamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Wakoloni waliupanga mji kwa rangi za watu: Wazungu karibu na bahari, Wahindi katikati penye maduka, na Waafrika nyuma, Kariakoo. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, kilichopiga kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kariakoo ilipojaa, ikapimwa Ilala. Ilala nayo ilipoelemewa, baada ya Vita ya Pili, wakapima Magomeni, Temeke na Kinondoni. Mwalimu Nyerere mwenyewe alijenga nyumba Magomeni wakati wa kudai uhuru, na leo nyumba ile ni makumbusho.

Mwaka 1948 mji mzima ulikuwa na watu kama 69,000 tu. Mwaka 1957 walikuwa zaidi ya 128,000. Hesabu ya mwaka 1967 ilikuta zaidi ya 270,000. Maana yake katika miaka kumi watu waliongezeka mara mbili, na viwanja vya kupimwa havikuongezeka hivyo. Sasa hawa watu walilala wapi?

Walilala huku kwetu. Ukitoka Magomeni kwa Barabara ya Morogoro, mbele yalikuwa mashamba ya wenyeji, Wazaramo. Majina ya mitaa yetu bado yanatunza habari ile: Midizini, Mwembeni, Mvuleni. Mdizi, mwembe na mvule. Leo ukitafuta kivuli cha miti hiyo utatafuta sana, lakini jina limebaki kama kovu la chanjo begani. Mwenye shamba alikata kipande akamuuzia mgeni, mgeni akamwita ndugu yake, ndugu akaja na shemeji, na shamba likawa mtaa. Hakuna aliyeamka siku moja akasema hapa patakuwa na mji. Mji ulijikuta umekuja.

Karatasi ya mauziano ilikuwa nusu ukurasa wa daftari la shule: fulani amemuuzia fulani kiwanja chenye miti kadhaa, mpaka ni mnazi upande huu na nyumba ya fulani upande ule, mashahidi ni hawa, sahihi au dole gumba. Baadaye, mashina ya nyumba kumi kumi yalipoanza, mjumbe naye akatia sahihi. Karatasi za namna hiyo bado zimo makabatini mwetu, zimekunjwa mara nne na kutiwa katika mfuko wa nailoni. Msizidharau. Ni historia hiyo, na pengine ni ushahidi wenu pekee.

Waliokuja na nyumba walizojenga

Barabara ya Morogoro ndiyo iliyotuleta. Anayetoka bara kwa basi au kwa lori aliingia mjini kwa njia hii, na wengi hawakufika mbali. Walishuka pale walipomjua mtu. Kwa hiyo Manzese ikawa ya kila kabila: Mzaramo na Mndengereko waliotangulia, Mluguru, Mpogoro, Mgogo, Mnyamwezi, Mha, Mchaga, na kadhalika. Kilichotuunganisha ni Kiswahili na shida. Msiba ukitokea, mtu hakuulizwa kabila kabla ya kuletewa kilo ya mchele.

Halafu ikaja kazi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa Wachina, kilifunguliwa mwaka 1968 hapo jirani. Viwanda vingine vikafuata upande wa Ubungo. Wafanyakazi walihitaji chumba cha kupanga ambacho wangeweza kutoka kwa miguu na kuwahi zamu, na Manzese ilikuwa hapo. Khanga na vitenge vya Urafiki vilivaliwa nchi nzima, na waliovitengeneza wengi wao walilala katika vyumba vyetu. Kituo cha mabasi bado kinaitwa Urafiki mpaka leo.

Nyumba waliyojenga watu wa kwanza ni ile ile tunayoiita nyumba ya Kiswahili. Mbele baraza, katikati ukumbi mrefu, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, nyuma uani penye jiko, bafu na choo cha shimo. Ilikuwa ya miti na udongo, juu makuti au madebe yaliyonyooshwa, na mwenye uwezo akaezeka bati. Wanaokuja kutoka nje huiona nyumba hii kuwa ya kimaskini. Lakini hebu itazameni kwa macho ya hesabu. Ni nyumba inayoweza kuanza na chumba kimoja. Ukikaa chumba kimoja, unajenga cha pili unapangisha, kodi ya cha pili inanunua miti ya cha tatu. Kabla ya wataalamu kutufundisha maneno kama mtaji na faida, nyumba ya vyumba sita ilikwisha kuwa mradi.

Na uani ndipo palipokuwa pa akina mama. Pale ndipo palipopikwa vitumbua na maandazi ya kuuza, pale watoto wa wapangaji sita walilelewa pamoja, na pale fedha za upatu zilipokezanwa. Baraza la mbele lilikuwa la wanaume na bao lao. Basi wanaoandika historia walikuta wanaume barazani, wakawahoji hao. Uani hawakufika.

Serikali ilipoamua kutobomoa

Katika miaka ya 1960 desturi ya serikali nyingi za Afrika ilikuwa kubomoa vitongoji visivyopimwa. Hapa kwetu pia hofu ya katapila haikuwa ngeni. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 mawazo yalibadilika. Ilionekana kwamba ukibomoa nyumba ya maskini bila kumpa nyingine umeongeza tatizo moja juu ya lingine. Mwaka 1974 Serikali ilikubaliana na Benki ya Dunia juu ya mradi wa viwanja na huduma. Mradi ulikuwa na mikono miwili. Mkono wa kwanza ulipima viwanja vipya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Mkono wa pili uliboresha mahali ambapo watu walikwisha kujenga, na Manzese ilikuwa ndiyo ya kwanza kufikiriwa.

Tulipata barabara za ndani, mitaro, mabomba ya maji ya jumuiya, taa za barabarani, shule na zahanati. Si haba hata kidogo. Muhimu kuliko yote, tulipata uhakika kwamba hatuondolewi. Mtu aliyejua kwamba nyumba yake haibomolewi kesho alitoa udongo akaweka tofali. Tembeeni mtaa wowote muone: saruji ya Manzese ilikuja baada ya uhakika, haikuja kabla.

Lakini mradi ule ulituachia pia funzo. Serikali ilikuwa imeunda Benki ya Nyumba Tanzania, THB, mwaka 1973, iwakopeshe wananchi wajenge. Mkopo ulitaka karatasi: hati ya kiwanja, ramani iliyopitishwa, mshahara wa uhakika. Muuza vitumbua angeipata wapi barua ya mwajiri? Mwenye kiwanja cha nusu ukurasa wa daftari angeipata wapi hati? Wengi wetu hatukufika kaunta ya benki ile. Mwaka 1995 THB ilianguka kabisa. Manzese haikuanguka, maana haikuwa imeegemea pale.

Miaka ya foleni

Akina mama wenye umri wataikumbuka miaka iliyofuata, na vijana wanaosoma hapa waamini tu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliinyonya nchi, mafuta yalipanda bei duniani, mazao yetu yakashuka. Sukari, sabuni, unga, mafuta ya taa, vyote vikawa vya foleni. Mshahara ulikuwepo kwa jina, ila haukufika hata katikati ya mwezi. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya Nguvu Kazi: asiye na kitambulisho cha kazi alikamatwa na kupelekwa vijijini akalime. Mtu aliyekaa kando ya njia na sinia la maandazi, anayelisha watoto wake bila kumwomba mtu, aliweza kuhesabiwa kuwa mzururaji. Wee acha tu.

Ni katika miaka hiyo ndipo nyumba za Manzese zilipoanza kulishwa na miradi ya uani. Baba alikwenda kiwandani kwa sababu kazi ni heshima na ina matibabu. Mama ndiye aliyetia sufuria jikoni. Vitumbua, maandazi, chapati, samaki wa kukaanga, mkaa wa kupima kwa kopo, barafu za watoto, kusuka nywele, kushona. Baadaye, biashara ilipofunguliwa kuanzia mwaka 1984, yakaja mitumba, na Manzese ikawa jina la mitumba. Mtafiti mmoja wa Kimarekani, Aili Mari Tripp, alikuja kuuliza maswali Manzese na Buguruni mwishoni mwa miaka ya 1980, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1997 kimeeleza haya: kwamba watu wa kawaida, na akina mama wakiwemo mbele, walifanya shughuli zao hata pale sheria zilipowakataza, mpaka sheria zenyewe zikabadilika. Sisi hatukuhitaji kitabu kulijua hilo, lakini ni vizuri kwamba limeandikwa.

Pamoja na miradi hiyo palikuwa na upatu. Wengine wanauita mchezo, wengine kibati. Vijana wa siku hizi hudhani akiba ya vikundi ililetwa na semina. Tuseme akina mama 10, kila mmoja anatoa shilingi 100 kila siku. Kila siku mmoja anapokea 1,000, siku ya kumi kila mtu amekwisha pokea, mzunguko unaanza upya. Kijumbe ndiye anayekusanya na kutunza zamu, na mara nyingi yeye hupokea wa kwanza kama shukrani, ila ole wake mwanachama akikimbia, maana deni linamrudia yeye. Hakuna riba, hakuna fomu. Dhamana yake ni uso wako na mlango wa nyumba yako, unaojulikana.

Lakini kulikuwa na adui: kupanda kwa bei. Katikati ya miaka ya 1980 bei zilikuwa zikipanda karibu asilimia 30 kila mwaka. Maana yake fedha uliyoficha chini ya godoro mwaka huu, mwakani imebaki kama robo tatu ya thamani yake, na hakuna mwizi aliyeingia ndani. Akina mama hawakuwa na chati za wachumi lakini walilijua hilo vizuri mno. Ndiyo sababu aliyepokea upatu hakukaa nao. Siku ile ile alinunua bati mbili, au mfuko wa saruji, au tofali 20, akazipanga uani. Tofali halishuki thamani. Wapita njia waliona rundo la tofali lililoota majani wakasema mwenyewe ameshindwa kujenga. Kumbe ile ndiyo iliyokuwa benki yake.

Hivyo ndivyo zilivyojengwa nyumba za Manzese. Fungu la nyanya likazaa fungu la saruji. Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema, na kibaba chetu kilikuwa chumba cha mwisho kuelekea uani.

Manzese ilivyo

Wanaopenda kutusema hawakosi la kusema, na lililo la kweli tulikubali. Tumebanana. Nyumba zimekula njia, njia zimekula mitaro. Gari la kuzoa taka halipiti, gari la zima moto ndiyo usiseme. Mvua kubwa zikinyesha, Mto Ng'ombe hapo jirani hufurika, na wapo wenye tabia ya kutapisha vyoo mvuani, maji machafu yakaingia kwa jirani. Kipindupindu hakiji kwa uchawi, kinaletwa na tabia hiyo. Mwaka 2015 kilipozuka nchini, kilianzia Wilaya ya Kinondoni, ambayo Manzese ilikuwa ndani yake wakati huo. Choo cha jirani ni afya yako. Hili halihitaji daktari.

Lakini ipo Manzese nyingine ambayo wasemaji hawaijui. Mji huu haulali. Saa tisa usiku anayekanda unga amekwisha amka, saa kumi na moja chai ipo, na mtu mwenye shilingi kidogo anaweza kula hapa akashiba kuliko sehemu nyingi za mji huu. Vitu vyetu huuzwa kwa kipimo cha mfukoni: mafuta ya kupikia ya kijiko, mkaa wa kopo, sabuni ya kipande. Wenye nazo hucheka, lakini kipimo hicho ndicho kilichowalea watoto walio vyuo vikuu leo. Mgeni asiye na mtu hupata chumba hapa. Binti aliyeachika hupata pa kuanzia. Sinza wana barabara zilizonyooka na majina ya mitaa kwenye vibao. Sisi tuna mjumbe anayekujua kwa jina la mama yako.

Mji pia unabadilika. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwezi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, Manzese ikapata vituo vyake, Tip Top, Manzese na Argentina, na safari ya kwenda Posta ikawa fupi. Mwaka huo huo tulitoka Kinondoni tukawa chini ya Manispaa mpya ya Ubungo. Mwaka 2021 kituo cha mabasi ya mikoani kilihama kutoka Ubungo kwenda Mbezi, na mwaka huo huo wachuuzi wakaondolewa kandokando ya barabara za jiji. Dar es Salaam ya watu 69,000 ilihesabiwa mwaka 2022 ikakutwa na watu 5,383,728. Tulipokuwa pembeni ya mji sasa tupo katikati yake. Na mtu aliye katikati ya mji, kwenye barabara kuu, hutamaniwa. Wanunuzi wenye fedha wanapita mitaani wakiuliza nyumba. Kiwanja kilichouzwa kwa mpaka wa mnazi leo kina thamani ambayo aliyekinunua hakuiota.

Ndipo swali la jina linapokuwa swali la kweli.

Jina kwenye karatasi

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wizara ya Ardhi iliandikisha nyumba za maeneo yasiyopimwa Dar es Salaam, ikaanza kutoa leseni za makazi. Kwanza zilikuwa za miaka miwili, baadaye zikawa za miaka mitano. Kisha ikaja kazi ya urasimishaji, ya kupima na kutoa hati. Kwa mara ya kwanza nyumba ya nusu ukurasa wa daftari ikapata karatasi yenye nembo ya Serikali. Maofisa walipopita mlangoni kuuliza mwenye nyumba ni nani, nyumba nyingi zilijibu bila kufikiri: baba fulani. Na mama aliyenunua bati kwa upatu wake alikuwa amesimama hapo hapo, naye akaitikia kwa kichwa.

Hatulaumu mtu. Ni desturi, na wengi waliitikia kwa heshima ya nyumba yao. Ila desturi haikulindi siku mambo yakiharibika, na yanaharibika kwa njia tatu: kuuza, kuachana na kufa.

Katika kuuza na kukopa, sheria iko pamoja nasi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema haki ya mwanamke juu ya ardhi ni sawa na ya mwanamume. Lakini sheria haitembei yenyewe mitaani. Mnunuzi akija na fedha mkononi na karatasi ina jina moja tu, wewe ndiye utakayekimbia mahakamani kuthibitisha kwamba upo.

Katika kuachana, mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilitoa uamuzi ambao kila mwanamke wa nchi hii anafaa kuujua. Ni ile kesi wanasheria wanayoiita ya Bi Hawa Mohamed. Mahakama ilisema kazi za nyumbani, kupika, kulea na kutunza nyumba, ni mchango katika mali ya ndoa. Kabla ya hapo baadhi ya mahakama zilisema hizo ni wajibu wa mke tu. Mama mwenyewe wa kesi ile hakuondoka na kitu, kwa sababu za kesi yake, lakini alitufungulia mlango sote. Hata hivyo mchango unataka ushahidi. Risiti ya bati, daftari la kikundi lenye tarehe uliyochukua mkopo na sababu yake, hivyo ni ushahidi. Kumbe daftari letu linaandika zaidi ya hisa.

Katika kufa ndipo pagumu zaidi. Mirathi nchini kwetu ina njia zaidi ya moja: ya kimila, ya Kiislamu na ya kiserikali. Kwa Kiislamu mjane mwenye watoto fungu lake ni thumuni, yaani moja ya nane. Kwa sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, mjane huelekezwa kwa watoto wake, hana fungu lake mwenyewe. Sasa wasikilizeni wanasheria kwa makini: mirathi hugawa mali ya marehemu, haigawi mali yako. Nusu iliyo yako kwa jina haiingii katika mirathi hata kidogo, kwa dini yoyote. Lakini kama nyumba nzima imeandikwa jina la marehemu, inaweza kugawiwa nzima, pamoja na bati zako. Ndiyo maana ya majina mawili katika leseni. Mwenye kutaka majina mawili hamtakii mumewe kifo wala hamdharau. Anafanya kama afanyavyo mtu anayeezeka nyumba kabla ya masika.

Miaka kumi, na inayokuja

Kikundi chetu kimepita mengi katika miaka kumi. Sanduku lina makufuli matatu na wenye funguo watatu, hisa huhesabiwa mbele ya wote, mfuko wa jamii umezika na umeuguza. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ilipotaka vikundi viandikishwe, tuliandikishwa. Halmashauri zilitakiwa kutenga asilimia kumi ya mapato yake kwa mikopo isiyo na riba, nne kati ya hizo kwa wanawake. Ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa mwaka uliofuata. Wanaostahili waombe. Lakini tusikae tukingoja, kwa sababu historia ya Manzese imetufundisha kwamba anayengoja kaunta imwite hulala barazani.

Tahadhari pia kwa mikopo ya kausha damu. Inapatikana haraka, kwa simu au kwa mlangoni, na inalipwa kila siku au kila wiki mpaka sufuria inachukuliwa jikoni ikiwa na ugali ndani yake. Upatu ulijenga chumba cha tano. Kausha damu inakiuza. Mwenye shida aje kwanza kikundini aseme, hata kama ameshakopa huko. Aibu ya kusema ni ya siku moja.

Na kwa miaka kumi inayokuja kamati inapendekeza jambo moja, si gumu. Katika kila mkutano wa mwisho wa mwezi, iwekwe nusu saa ya karatasi. Kila mwanachama aje na alichonacho: mauziano ya zamani, leseni, risiti, hati. Yule anayejua kusoma vizuri amsomee mwenzake. Karatasi iliyoisha muda ihuishwe. Palipo na jina moja na nyumba ni ya wawili, wazungumze nyumbani kwa upole, kisha waende ofisi ya mtaa na ya ardhi pamoja. Mama mjane asiyefungua mirathi asaidiwe kufungua. Binti anayeolewa afundishwe hili pamoja na mafundisho mengine ya kungwi.

Wale waliotutangulia walipanga tofali uani bila kujua kama chumba kitakwisha. Kikaisha. Sisi tumekaa ndani yake, tumepangisha, tumesomesha. Kazi iliyobaki ni nyepesi kuliko yao: kalamu, picha mbili za pasipoti na nauli ya kwenda ofisini. Tusishindwe na hiyo.

Hongereni kwa miaka kumi, akina mama. Mungu aibariki Manzese na akiba zake.